Mgogoro wa ng'ombe Ukambani (1938)

Mgogoro wa ng'ombe Ukambani ulikuwa upinzani wa wafugaji Wakamba wa wilaya ya Machakos, katika koloni la Kenya, dhidi ya amri ya serikali ya Kiingereza ya kupunguza mifugo kwa kuiuza kwa lazima. Ulitokea mwaka 1938, wakati kampuni ya Liebig ilipoanzisha kiwanda cha nyama huko Athi River. Wafugaji waliungana katika chama cha Ukamba Members Association (UMA), wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakaandamana hadi Nairobi. Kabla ya mwaka kwisha serikali iliacha mauzo ya lazima.

Mgogoro huu ni mfano wa mapema, katika Afrika Mashariki, wa wafugaji kujipanga dhidi ya soko la nyama lililotawaliwa na mnunuzi mmoja mkubwa.

Chanzo

Tangu mwanzo wa karne ya 20 sehemu ya ardhi ya Wakamba ilitwaliwa na kupewa walowezi wa Kizungu, kwa mfano katika vilima vya Mua karibu na mji wa Machakos. Matumizi ya malisho ya uwanda wa Yatta nayo yaliwekewa masharti. Watu na mifugo wakabaki katika eneo dogo lililotengwa kwa ajili yao. Katika miaka ya 1920 na 1930 ukame na nzige viliongeza shida, na mmomonyoko wa udongo ukawa mkubwa.

Maofisa wa serikali walisema chanzo cha uharibifu ni wingi wa ng'ombe. Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyoongozwa na Morris Carter na kutoa ripoti yake mwaka 1934, ilishauri mifugo ipunguzwe. Wakamba walijibu kwamba tatizo ni uchache wa ardhi. Kwao ng'ombe hakuwa nyama tu: alitoa maziwa, alilipa mahari, na alikuwa akiba ya kununulia chakula mwaka wa njaa.

Kiwanda cha Athi River

Kampuni ya Liebig ilianzishwa London mwaka 1865 ili kutengeneza rojo nzito ya nyama kwa njia iliyobuniwa na mwanakemia Mjerumani Justus von Liebig. Kiwanda chake cha kwanza kilikuwa Fray Bentos nchini Uruguay. Baadaye iliuza pia nyama ya kopo, na barani Afrika ilikuwa na mashamba ya ng'ombe huko Rhodesia ya Kusini.

Athi River ilifaa kwa sababu iko kando ya reli, karibu na Nairobi na mpakani mwa nchi za Wakamba na Wamasai. Kiwanda cha namna hiyo hakikuhitaji ng'ombe walionona. Kilihitaji ng'ombe wengi, wa bei nafuu, wanaofika bila kukatika, maana bidhaa zake zilishindana na zile za Amerika Kusini katika soko la dunia. Serikali iliona kwamba kiwanda kingechukua mifugo iliyotaka kuipunguza.

Jinsi soko lilivyofungwa

Mfugaji Mkamba alikuwa na nafasi ndogo ya kupata bei nzuri, kwa sababu tatu zilizofanya kazi pamoja.

Ya kwanza ni karantini. Kwa miaka mingi serikali ilizuia ng'ombe wa maeneo ya Waafrika kuvuka mipaka, ikitaja magonjwa. Hatua hizo zilikinga mifugo ya walowezi dhidi ya maradhi, lakini pia zilikinga bei zao, kwa kuwa ng'ombe wa Waafrika hawakuweza kufika kwa uhuru katika soko la Nairobi.

Ya pili ni uchache wa wanunuzi. Penye mnunuzi mmoja mkubwa na wengine wachache, muuzaji hana pa kwenda akikataa bei ya kwanza.

Ya tatu ni amri yenyewe. Kila eneo lilipangiwa idadi ya ng'ombe wa kubaki. Waliokubaliwa walitiwa chapa, na waliozidi walipaswa kupelekwa mnadani. Mnunuzi alijua kwamba muuzaji hawezi kurudi na ng'ombe wake nyumbani, hivyo bei zilikuwa ndogo. Wakamba waliona pia baadhi ya walowezi wakinunua ng'ombe hao kwa bei rahisi, na wakatilia shaka hoja ya kulinda udongo.

Chama na maandamano

Upinzani ulikuwa na nguvu zaidi Ngelani, karibu na Machakos, mahali palipokuwa na kumbukumbu chungu ya ardhi iliyotwaliwa. Mwaka 1938 vijana waliosoma shule za misheni pamoja na wafugaji wa kawaida walianzisha UMA. Kando ya Muindi Mbingu, viongozi waliojulikana ni Isaac Mwalonzi, Elijah Kavulu na Simon Kioko. Chama kilikusanya michango, kiliandika barua za malalamiko na kuunganisha wanachama kwa kiapo cha jadi. Machifu walioteuliwa na serikali walijikuta kati ya amri za wakubwa wao na hasira ya watu wao.

Wafugaji walipokataa kupeleka ng'ombe, serikali ilituma polisi kuwakamata ng'ombe hao. Mwishoni mwa Julai 1938 wanaume, wanawake na watoto walitembea kwa miguu hadi Nairobi, mwendo wa zaidi ya kilomita 60, wakapiga kambi karibu na soko la Kariokor. Makadirio mengi ya idadi yao ni kati ya 1,500 na 3,000. Walitaka kuonana na gavana, Robert Brooke-Popham, na walikaa mjini kwa wiki kadhaa bila kufanya ghasia.

Walisaidiwa na Kikuyu Central Association na na Isher Dass, mjumbe Mhindi wa baraza la kutunga sheria. Huko Uingereza, Jomo Kenyatta alilieleza suala hilo katika magazeti, na wabunge waliuliza maswali. Serikali ilikuwa na sababu nyingine ya kuhofu: askari wengi wa King's African Rifles na polisi walikuwa Wakamba, na vita vilikuwa vinakaribia Ulaya.

Matokeo

Mwezi Agosti gavana alikwenda Machakos kuzungumza na wananchi. Baadaye mwaka huohuo Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu. Hata hivyo mauzo ya lazima yalisimamishwa, na ng'ombe waliokamatwa ambao walikuwa hawajauzwa walirudishwa kwa wenyewe.

Ushindi huo ulikuwa na mipaka. Ardhi haikurudishwa, na karantini haikuondolewa. Mwaka 1940, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, serikali ilipiga marufuku UMA pamoja na Kikuyu Central Association na Taita Hills Association. Wakati wa vita wafugaji wa Kenya walidaiwa tena kutoa ng'ombe kwa bei zilizopangwa na serikali, safari hii kwa ajili ya chakula cha jeshi.

Baada ya mgogoro

Mwaka 1950 iliundwa Kenya Meat Commission (KMC), iliyochukua kiwanda cha Athi River. Mnunuzi mkuu sasa akawa shirika la umma lililopewa haki za pekee katika biashara ya nyama, na malalamiko ya wafugaji kuhusu bei yaliendelea. Kiwanda kilifungwa katika miaka ya 1990, kikafunguliwa upya mwaka 2006. Mwaka 2020 KMC iliwekwa chini ya Wizara ya Ulinzi.

Katika Tanganyika serikali na Liebig walianzisha Tanganyika Packers mwaka 1947, yenye kiwanda huko Kawe, Dar es Salaam. Usukumani, sheria za kupunguza mifugo zilizowekwa baada ya vita zilipingwa na wafugaji, na zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyochochea siasa za kudai uhuru kanda ya Ziwa.

Swali la nguvu ya wanunuzi wa ng'ombe halikuwa la makoloni pekee. Nchini Marekani malalamiko ya wafugaji dhidi ya kampuni tano kubwa za nyama, zikiwemo Armour na Swift, yalichangia kutungwa kwa sheria ya mwaka 1921 ya kusimamia wasindikaji wa nyama na minada ya mifugo. Tofauti ni kwamba wafugaji wa Marekani walikuwa na wabunge waliowachagua. Wakamba wa mwaka 1938 hawakuwa na kura. Walichokuwa nacho ni kukataa kuuza, na miguu ya kuwafikisha Nairobi.

Muindi Mbingu aliruhusiwa kurudi kutoka Lamu baada ya vita. Mtaa mmoja katikati ya jiji la Nairobi una jina lake.