Kihisi na Seli Hai: Kigezo cha Tasnifu za Uzamivu katika Nanoteknolojia

Ukuzaji wa seli nje ya mwili, ambao Ross Harrison aliuwekea msingi mwaka 1907 alipoonyesha neva za kiinitete cha chura zikichipua ndani ya tone la limfu, bado unategemea upimaji wa kubahatisha. Seli za mamalia hutunzwa katika nyuzijoto 37, kwa pH inayokaribia 7.4, na mtafiti hujua kuwa kiowevu cha lishe kimechachuka pale rangi ya fenoli nyekundu inapogeuka kuwa ya njano, ilhali wakati huo seli zimekwisha kuathirika.

Kihisi, yaani kifaa kinachogeuza badiliko la kikemia kuwa ishara inayopimika, kinaweza kuziba pengo hilo kikitengenezwa kwa mada yenye maumbo ya nanomita, ambayo ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Uso uliooteshwa vijiti vya zinki oksaidi huwa na eneo kubwa kuliko uso bapa, hivyo hubeba vimeng'enya vingi zaidi. Kimeng'enya cha glukosi oksidesi huoksidisha glukosi na kuzalisha haidrojeni peroksaidi, ambayo elektrodi huipima kama mkondo wa umeme. Msingi wa vihisi vya vimeng'enya uliwekwa na Clark na Lyons mwaka 1962.

Hata hivyo, wepesi wa kuhisi uliothibitishwa katika mmumunyo sahili wa chumvi hautoshi kuipa tasnifu uzito. Kiowevu cha lishe kina protini zinazogandamana juu ya kihisi na kufifisha ishara yake. Zinki oksaidi huyeyuka kadiri asidi inavyoongezeka, ikitoa ayoni ambazo zikizidi huua seli. Nayo peroksaidi inayozalishwa ni sumu, huku kimeng'enya kikitumia oksijeni na glukosi zilezile ambazo seli zinazihitaji. Kihisi cha namna hiyo hubadilisha hali ambayo kimewekwa kuipima, na takwimu zake, hata zikiwa nadhifu, huwa ushahidi dhidi yake.

Yapo maoni kwamba mtahiniwa wa uzamivu, kwa kuwa muda wake ni mfupi, aunde mada tu na kuwaachia wanabiolojia majaribio ya seli. Mgawanyo huo unarahisisha kazi, lakini unaahirisha swali ambalo ndilo kiini cha utafiti, kwa sababu umbo, unene na utando wa kinga wa mada huamuliwa na jinsi seli zinavyoipokea. Kwa hiyo yafaa seli zilizokuzwa pamoja na kihisi zilinganishwe tangu mwanzo na zilizokuzwa bila kihisi, na vipimo viendelee kwa siku kadhaa ndani ya kiowevu kilekile. Kihisi kinachopoteza sehemu ya wepesi wake kwa kufunikwa utando wa kinga, lakini kikaziacha seli zikigawanyika kama kawaida, kina thamani kubwa kuliko kile kinachohisi upesi huku kikiziua.