Seán MacBride: Kutoka Jeshi la Siri hadi Ukamishna wa Namibia

Miongoni mwa wanajamhuri wa Ayalandi, yaani wale waliokataa mamlaka ya mfalme wa Uingereza juu ya kisiwa chao na kuwa tayari kuyapinga hata kwa silaha, hakuna aliyefika mbali zaidi na mahali alipoanzia kuliko Seán MacBride. Wasifu wake husimuliwa kwa kawaida kama habari za mtu aliyetua bunduki akashika sheria, na masimulizi hayo, ingawa si ya uongo, yanasahau kwamba sheria yenyewe aliishika kwanza kwa ajili ya wafungwa waliokuwa wenzake vitani, na kwamba suala la mtu kufungiwa au kuuawa na dola bila ya kuhukumiwa halikumtoka tangu ujana hadi uzee.

Alizaliwa Paris tarehe 26 Januari 1904. Mama yake, Maud Gonne, alikuwa mwanaharakati mashuhuri. Baba yake, Meja John MacBride, aliwahi kupigana upande wa Makaburu dhidi ya Waingereza huko Afrika Kusini, kisha akashiriki Uasi wa Pasaka mjini Dublin na kupigwa risasi kwa amri ya mahakama ya kijeshi mwezi Mei 1916. Mtoto huyo alikulia katika Kifaransa, na lafudhi ya lugha hiyo haikumwacha maishani, jambo ambalo wapinzani wake bungeni hawakuacha kulifanyia dhihaka. Akiwa bado kijana alijiunga na Jeshi la Jamhuri la Ayalandi, maarufu kwa kifupi chake IRA, na mkataba wa Desemba 1921 ulipoziacha kaunti 6 za kaskazini mikononi mwa Uingereza na kuwataka wabunge wa dola mpya waape uaminifu kwa mfalme, akawa upande wa walioukataa. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyofuata alifungwa katika gereza la Mountjoy, chumba kimoja na Rory O'Connor, ambaye alfajiri ya tarehe 8 Desemba 1922 alitolewa na kuuawa pamoja na wenzake watatu bila ya kesi yoyote, ili kulipiza kisasi cha mbunge aliyeuawa siku iliyotangulia.

Mwaka 1936 MacBride alishika kwa muda ukuu wa IRA, lakini katiba ya 1937, iliyotungwa na serikali ya Éamon de Valera na ambayo haikumpa mfalme nafasi yoyote katika maandishi yake, ilimshawishi kwamba njia ya siasa imefunguka. Mwaka huohuo akawa wakili, na jina lake likavuma hasa kwa kuwatetea wanajamhuri. Kesi iliyomtambulisha kwa umma ilikuwa uchunguzi wa kifo cha Seán McCaughey, mfungwa aliyekufa mwaka 1946 katika gereza la Portlaoise baada ya kugoma kula na kunywa: MacBride alimuuliza daktari wa gereza kama angekubali kumweka mbwa wake katika hali ile, na daktari akajibu kwamba asingekubali. Miezi michache baadaye akaanzisha chama cha Clann na Poblachta, yaani Ukoo wa Jamhuri.

Chama hicho kilipanda haraka na kuporomoka haraka zaidi. Katika uchaguzi wa Februari 1948 kilipata viti 10 tu, lakini vilitosha kukiingiza katika serikali ya mseto iliyomwondoa de Valera baada ya miaka 16 madarakani. Ajabu ni kwamba mshirika mkubwa katika mseto huo alikuwa Fine Gael, chama cha warithi wa walioamuru kuuawa kwa O'Connor. Ndiyo maana kiongozi wake, Jenerali Richard Mulcahy, alilazimika kumpisha John A. Costello awe waziri mkuu. MacBride, akiwa waziri wa mambo ya nje, alikataa kuiingiza nchi yake katika jumuiya ya kujihami ya NATO maadamu kisiwa kimegawanywa, na tarehe 18 Aprili 1949 Ayalandi ikawa rasmi jamhuri nje ya Jumuiya ya Madola. Doa lake kubwa ni la Aprili 1951. Waziri wa afya kutoka chama chake, Noël Browne, alipendekeza matibabu ya bure kwa kina mama na watoto bila kujali kipato. Maaskofu Wakatoliki walipopinga, MacBride alimtaka waziri huyo ajiuzulu. Utetezi wowote wa uamuzi huo hauondoi ukweli kwamba chama kilichoahidi siasa mpya kiliinama mbele ya mamlaka ya zamani, na wapiga kura wakakiachia viti 2.

Hata hivyo, kazi iliyodumu zaidi ya kipindi hicho ilifanyika Roma tarehe 4 Novemba 1950, pale aliposaini kwa niaba ya Ayalandi Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu. Mwaka 1957 serikali ya Dublin ilipomweka kizuizini Gerard Lawless bila kumfungulia mashtaka, MacBride aliugeuza mkataba huo dhidi ya dola iliyousaini kwa mkono wake mwenyewe, na kesi hiyo ikawa ya kwanza kuamuliwa na Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Alishindwa mwaka 1961, kwa kuwa majaji walikubali kwamba hali ya hatari iliihalalishia serikali hatua yake. Lakini kanuni kwamba hata hali ya hatari inaweza kukaguliwa na mahakama ya kimataifa ilikuwa imekwisha kusimama.

Baada ya kupoteza kiti chake mwaka 1957 hakurudi tena bungeni. Aliongoza kamati ya kimataifa ya Amnesty International, akawa katibu mkuu wa Tume ya Kimataifa ya Wanasheria, na mwaka 1974 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Eisaku Satō wa Japani. Wakati huo alikuwa Kamishna wa Umoja wa Mataifa wa Namibia, nchi iliyokaliwa na Afrika Kusini na ambayo wapigania uhuru wake wa SWAPO walikuwa wamefungua ofisi Dar es Salaam tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Katika kipindi chake Baraza la Umoja wa Mataifa la Namibia lilitoa Amri Namba 1 ya Septemba 1974, iliyoharamisha uchimbaji na usafirishaji wa maliasili za nchi hiyo bila ya idhini ya Baraza, na mwaka 1976 Taasisi ya Namibia ikafunguliwa Lusaka ili kuandaa watumishi wa dola ambayo bado haikuwepo. Dola zenye nguvu ziliipuuza Amri hiyo, na miaka mingi ilipita kabla Baraza halijathubutu, mwaka 1987, kuitumia mahakamani Uholanzi dhidi ya kampuni ya kurutubisha urani. Kesi hiyo ilikuwa haijaamuliwa MacBride alipofariki Dublin tarehe 15 Januari 1988.