Sauti ya kuzingira

Kasha la DVD ya muziki likiwa limeandikwa 5.1, fundi wa Mbinga mjini atakwambia hiyo ni "saraundi", na muuza redio atakwambia ni "sabufa". Neno la pili ndilo lililoshinda mitaani, nalo limeleta hasara. Sabufa ni spika moja tu, ile ya besi, inayohesabiwa kama nukta moja kwenye 5.1. Tano ni nyingine: kushoto na kulia mbele, moja katikati, na mbili zinazokaa ubavuni zikirudi kidogo nyuma ya msikilizaji. Sisi tumeupa mtambo mzima jina la spika ya besi, na sasa mtambo mzuri ni ule unaotikisa bati.

Wanaotaka Kiswahili kilichonyooka husema "sauti ya kuzunguka". Siikubali. Kinachozunguka kinatembea: gurudumu huzunguka, mgeni aliyepotea huzunguka mjini. Kinachozingira kimetulia mahali pake pande zote, kama askari waliozingira nyumba. Muziki uliorekodiwa vizuri kwa mfumo huu haukimbizani chumbani, unakuweka kati. Kwa hiyo naandika "sauti ya kuzingira". Tusiiite "sauti ya mazingira", ingawa ni mzizi uleule, kwa sababu hiyo tunaihitaji kwa jambo jingine: mvua, jogoo, malori ya makaa ya mawe yanayoteremka kutoka mgodi wa Ngaka.

Istilahi ya pili inayoambatana nayo ni "uchanganyaji upya". Tukisema "remiksi", kijana wa Bongo Fleva anaelewa wimbo ulioongezwa msanii mwingine au mdundo mpya. Hapa maana ni nyingine. Wimbo wa studio wa enzi za mkanda ulirekodiwa katika njia nyingi: ngoma njia zake, gitaa njia yake, mwimbaji njia yake. Fundi mitambo alizichanganya zikawa mbili, kushoto na kulia, ndiyo stirio. Kuchanganya upya ni kurudi kwenye ule mkanda wa mwanzo na kuzigawa njia zilezile upya, safari hii kwa spika sita. Bila mkanda huo hakuna uchanganyaji upya, hata kasha liandikwe nini.

Mfano ulio wazi unatuhusu kwa karibu. Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946 na kujulikana duniani kama Freddie Mercury, aliimba na bendi ya Queen nyimbo zilizokusanywa mwaka 2002 katika DVD ya Greatest Video Hits 1, zikachanganywa upya kwa 5.1. Humo mna Bohemian Rhapsody ya 1975. Wimbo huo ulirekodiwa kwenye mkanda wa njia 24, lakini Mercury na wenzake wa bendi, Brian May na Roger Taylor, walirudia sauti zao mara nyingi mno, hata njia zikajaa. Walichofanya ni kuunganisha sauti kadhaa katika njia moja ili kupata nafasi, kisha wakaongeza nyingine, wakaunganisha tena. Sauti zilizokwisha kuunganishwa hivyo haziachani kirahisi. Tena mchanganyo wa stirio wa mwaka ule tayari ulikuwa na mpango wake: sauti zinaitana kushoto na kulia kwa makusudi. Atakayezisambaza kwenye spika sita anaingilia utunzi wenyewe, si sauti tu.

Ndiyo maana mikusanyo ya video za bendi kongwe huwaangusha wapenzi wake mara nyingi. Mchanganyaji anaona spika mbili za nyuma hazina kazi, anazitafutia kazi. Gitaa linarushwa nyuma, vibwagizo vinaruka huku na huku, na mwimbaji anawekwa katikati peke yake, mkavu, kana kwamba wenzake wamehamia chumba kingine. Bendi iliyokuwa kitu kimoja inatawanyika. Huko ni kuzungusha. Msikilizaji anarudi kwenye stirio ya zamani, na mimi naona ana haki.

Kwetu hali ni ngumu zaidi. Rekodi nyingi za dansi tunazozipenda zilifanywa Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima ikipiga kwa pamoja mbele ya maikrofoni chache, na magitaa, matarumbeta na waimbaji wakaingia mkandani wakiwa wameshachanganyika. Hakuna njia 24 za kurudia. Diski ya zilipendwa inayotangaza 5.1 mara nyingi imeongezewa mwangwi tu upande wa nyuma, na mwangwi huo huwafifisha waimbaji. Bora iachwe ilivyo, isafishwe mikwaruzo, basi.

Halafu kuna waya. Kwenye banda la video kando ya barabara ya Ngaka, deki ina matundu sita ya sauti, lakini mwenye banda amechomeka mawili tu, jekundu na jeupe. Deki ikiwa imepangwa kutoa 5.1, sauti ya mwimbaji iliyopelekwa katikati haina pa kutokea. Ngoma na gitaa vinasikika vizuri, mwimbaji yuko mbali kama anaimba ng'ambo ya bonde. Watu wanailaumu diski. Dawa ni kuingia kwenye mipangilio ya spika na kuiamuru deki ikunje chaneli zote ziwe mbili.

Mwenye spika zote naye asizipange tano zote rafuni kando ya runinga, kama tulivyozoea. Kipimo cha Shirika la Kimataifa la Mawasiliano kinaweka za mbele nyuzi 30 kila upande kutoka katikati, na za nyuma kati ya nyuzi 100 na 120, yaani ubavuni, si kisogoni.

Ningependa mfumo huu tuutumie kwa kile unachokiweza hasa. Mganda, ile ngoma ya pwani ya Ziwa Nyasa, unapochezwa Liuli au Mbamba Bay, safu za wachezaji, ngoma kubwa na vibuyu vya kupuliza viko mbele yako, vigelegele vya kina mama vinatoka ubavuni na nyuma. Hapo hakuna haja ya kubuni kitu cha kujaza spika za nyuma. Atakayeurekodi aweke maikrofoni tatu upande wa wachezaji, mbili katikati ya watazamaji, kila moja na njia yake, na asiziunganishe kabla hajafika studio.