Tumbili wa Gitaru, Ukame wa 2000 na Stima Tunayoiita ya Kuaminika

Juzi nilikuwa kwa kinyozi hapa Embu mjini. Msee aliyekuwa kwenye kiti alikuwa amenyolewa upande mmoja tu wa kichwa, stima zikapotea. Mashine kimya, redio kimya. Mzee mmoja aliyekuwa akingoja zamu yake akasema, "Hii ndiyo shida ya kutegemea mito na upepo. Nchi za maana huchoma makaa na mafuta, stima yao haipotei ovyo."

Watu wote wakatikisa kichwa kukubali. Mimi nilitaka kubisha, lakini sikuwa na hoja, nilikuwa na hasira tu. Nikaenda nyumbani nikasoma. Na nianze kwa kukiri: yule mzee hakukosea kila kitu.

Hebu turudi mtoni. Wakati wa mkoloni, Kenya ilianza kununua stima kutoka Uganda, kwenye bwawa la Owen Falls kule Jinja lililofunguliwa mwaka wa 1954. Baada ya uhuru, serikali ilitaka stima yake yenyewe, na macho yakaja huku kwetu, Mto Tana. Kindaruma ilianza kazi 1968. Ikafuata Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Mradi huu wote unaitwa Seven Forks, ingawa mabwawa yaliyojengwa ni matano.

Ujanja wake ni rahisi kueleweka. Masinga ndilo tangi kubwa, linabeba zaidi ya mita za ujazo bilioni moja na nusu. Maji yakitoka hapo yanazungusha mitambo ya Kamburu, kisha Gitaru, kisha Kindaruma, kisha Kiambere. Maji yale yale, kazi mara tano. Hata mto Rupingazi unaouvuka ukiingia Embu mjini uko ndani ya hii hadithi: unaingia Thiba, na Thiba unamwaga maji yake Kamburu. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya stima ya Kenya ilitoka hapa. Nairobi iliwaka kwa maji ya Mlima Kenya na Aberdare.

Lakini mvua ikakataa. Mwaka wa 2000, baada ya masika kukosekana, Masinga ilishuka vibaya na nchi nzima ikaingia kwenye mgao wa stima. Viwanda vilisimama kwa zamu, mitaa ikazimwa kwa ratiba. Serikali ikakimbilia kukodisha jenereta kubwa za dizeli. Watu wakadhani somo limeeleweka. Mwaka wa 2009 ukame ukarudi, mtambo wa Masinga ukafungwa kwa sababu maji yalikuwa chini mno, na dizeli ya kukodisha ikarudi tena.

Kwa hivyo ukisikia mtu wa rika la mzazi wako akisema stima ya mto haiaminiki, usimcheke. Aliishi hiyo miaka. Alikula hasara yake.

Sasa, mimi naachana na mzee anaposema dawa ni mafuta na makaa.

Anza na dizeli. Ni kweli, jenereta inawaka ukitaka, haingoji wingu. Lakini mafuta yake yanakuja kwa meli hadi Mombasa, kwa bei ambayo Kenya haipangi. Julai 2008, mwaka mmoja tu kabla ya Masinga kufungwa, pipa moja la mafuta lilipita dola 140 kwenye soko la dunia. Chukua risiti yako ya tokeni uisome pole pole. Kuna mstari wa gharama ya mafuta. Hiyo ndiyo bei ya dizeli, na unailipa hata kama unatumia balbu moja na chaji ya simu. Stima inaweza kuwepo ukutani saa ishirini na nne, lakini kama tokeni ya mia haifiki Jumatano, kwako wewe hiyo si stima ya kuaminika.

Makaa je? Angalia Afrika Kusini. Pale stima nyingi inatoka kwenye makaa, na makaa wanayo ya kuchimba, hawaagizi kutoka mbali. Mgao wao ulianza miaka ya 2007 na 2008, na mwaka wa 2023 walikaa na mgao zaidi ya siku 300. Hakuna ukame uliosababisha hayo. Mitambo ilizeeka, ukarabati ukachelewa, na ufisadi ukala kilichobaki. Sisi wenyewe tulikuwa karibu kujenga mtambo wa makaa Lamu, hadi mahakama ya mazingira ilipofuta leseni yake Juni 2019.

Halafu kuna jambo ambalo sikulijua kabisa. Mwaka ule ule wa 1981 ambao Masinga ilianza kazi, mtambo wa kwanza wa Olkaria ulianza pia, kule Naivasha, ukitumia mvuke wa ardhini. Mvuke hauulizi kama imenyesha. Ni mchana, ni usiku, ni kiangazi, unasukuma tu. Lakini tuliupanua pole pole sana kwa zaidi ya miaka thelathini. Ni 2014 ndipo zilipoongezwa megawati 280 kwa mpigo. Leo jotoardhi ndiyo inayoongoza kwa stima nchini, na ukijumlisha mvuke, maji, upepo na jua, karibu asilimia 90 ya stima inayozalishwa Kenya haitokani na kuchoma mafuta. Kwa hivyo shida ya mwaka wa 2000 haikuwa kwamba stima ya asili ni dhaifu. Shida ni kwamba tuliweka karibu kila kitu kwenye mto mmoja, na mvuke tukauacha ungoje.

Sasa tuje kwa zile siku ambazo nchi nzima iliingia giza kwa mara moja. Hapa ndipo Embu inarudi kwenye hadithi, na kwa njia ya kuchekesha.

Jumanne, tarehe 7 Juni 2016, tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha Gitaru, akateleza, akaangukia transfoma. Transfoma ikajizima, mitambo mingine ikazidiwa na mzigo nayo ikajizima, megawati zaidi ya 180 zikapotea, na Kenya nzima ikalala giza kwa saa kadhaa. Dunia ilicheka. Tumbili mwenyewe alipona, akachukuliwa na watu wa wanyamapori. Lakini jiulize: bwawa lilikuwa na kosa gani? Maji yalikuwepo. Mtambo ulikuwa mzima. Kilichokosekana ni mfumo unaoweza kupoteza kituo kimoja bila kuanguka wote.

Januari 2022, giza tena nchi nzima. Safari hii milingoti ya laini kubwa inayotoka Kiambere kwenda Embakasi ilianguka, na ikasemekana vyuma vyake vilikuwa vimeibwa. Stima ilikuwepo huku, njia ya kuipeleka ndiyo ilikatika.

Agosti 2023, giza lingine. Kenya Power ilisema chanzo ni mitambo ya upepo ya Ziwa Turkana kutoka kwenye gridi. Wenye upepo wakajibu kwamba wao walisukumwa nje na nguvu kupita kiasi kwenye gridi yenyewe. Hapa yule mzee ana hoja tena: mitambo hiyo ni megawati 310, na kitu kikubwa hivyo kikitoka ghafla, gridi bila akiba inayumba. Lakini usiku ule ule uwanja wa ndege wa JKIA ulikaa gizani kwa sababu jenereta ya dizeli ya sehemu moja ilikataa kuwaka, na mkuu wa mamlaka ya viwanja vya ndege akapoteza kazi. Dizeli ile ile tunayoambiwa haikosei.

Na hiyo mitambo ya upepo ina kisa chake. Mapanga yote 365 yalikuwa yamesimamishwa kufikia 2017, lakini laini ya kilomita zaidi ya 400 hadi Suswa ikakamilika 2018. Zaidi ya mwaka upepo ulivuma bure. Upepo ulifika kwa wakati, waya ndiyo ilichelewa.

Hili la waya linanigusa mimi binafsi. Shosho yangu anaishi Mbeere. Laini kubwa za kutoka mabwawani zinapita huko, na ukisimama chini yake jioni unasikia zikinguruma. Kiambere ilipojengwa maelfu ya watu walihamishwa kupisha maji. Lakini kwa shosho tulisomea koroboi hadi 2015. Mwaka uliofuata tumbili akaanguka, na yeye hata hakushtuka. Alitoa koroboi chini ya kitanda, akaiwasha, akaniambia, "Hii ndiyo haijawahi kuniangusha."

Nikiwaza maneno yake naona hatukuwa tunajadili kitu kimoja, mimi, yeye na mzee wa kinyozi. Kule Mbuiru, upande wa Meru Kusini ya zamani, wanakijiji walichoka kungoja na wakajenga mtambo mdogo kwenye mto Tungu, ule wa Tungu-Kabiri. Kilowati 18 tu. Hiyo haiwezi kuendesha kiwanda, lakini ilikuwa yao.

Msimamo wangu basi ni huu. Mto unakauka, upepo unatulia, jua linazama, dizeli inapanda bei, makaa yanaharibu mitambo na mapafu. Hakuna cha kuaminika peke yake. Tunahitaji mvuke mwingi chini, mabwawa yatunzwe kwa saa za jioni watu wanapopika na kuwasha taa, betri za kuhifadhi jua la mchana, na kabla ya hayo yote, milingoti ambayo haiwezi kuuzwa kama chuma chakavu. Jenereta chache zibaki pembeni kwa mwaka mbaya, sawa, sikatai. Lakini zisiwe ndizo tunazijengea nchi.

Na yule msee wa nusu kichwa? Alingoja dakika arobaini, akachoka, akavaa kofia akaenda. Nikirudi pale nitamtafuta yule mzee. Nataka anisimulie 2000 ilikuwaje, halafu nimwonyeshe ule mstari wa mafuta kwenye risiti yake.