Magadi ya Natron

Huku kijijini Ololosokwan, Tanzania, hatuna bahari. Ufuko wetu wa karibu, ukiteremka mashariki, ni wa Ziwa Natron, maji yanayounguza ngozi. Shirika la Maendeleo la Taifa na Tata Chemicals walipotaka kuvuna pale tani 500,000 za magadi kwa mwaka, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ilidai kwanza tathmini ya athari kwa mazingira. Mimi, mfugaji, niliuliza: maji baridi ya kiwanda yatatoka mto upi? Wataalamu wakauliza habari za heroe wadogo, ambao wengi wao duniani huanguliwa humo. Swali la ndege ndilo lililofika mbali, sishangai. Mwaka 2008 Tata ikajitoa. Mwaka 2011 Rais Kikwete akaufufua mjadala, kisha macho yakahamia magadi ya Engaruka.