Kuacha sukari: Anza na sufuria ya chai, si pipi

Ukimwambia mtu apunguze sukari, wengi hufikiria pipi, keki na aiskrimu. Wengine hujibu haraka kwamba wao si watu wa vitu vitamu. Lakini kwa watu wengi wa Afrika Mashariki, sukari nyingi inaingia mwilini kupitia kikombe, na mara nyingi inakuwa imeshatiwa kabla kikombe hakijafika mezani.

Ndiyo maana mtu anaweza kuacha biskuti na keki mwezi mzima na bado asione tofauti kubwa. Kabla ya kukata chochote, inafaa kujua sukari yako inatoka wapi.

Sukari gani inazungumziwa?

Sukari ya mezani hutengenezwa kwa kukamua miwa, kuchemsha maji yake na kuyasafisha mpaka zibaki chembe zile tunazozijua. Katika kusafishwa, karibu kila kitu kingine kilichokuwa kwenye muwa huondolewa. Kinachobaki ni utamu na nishati: gramu moja ya sukari ina kilokalori 4, bila vitamini wala nyuzinyuzi.

Sukari ya kahawia nayo ni ileile, ila ina mabaki kidogo ya molasi, yaani ule uji mweusi wa miwa. Rangi yake haiifanyi kuwa chakula cha afya.

Shirika la Afya Duniani, WHO, halihesabu sukari iliyo ndani ya tunda zima au ile ya asili iliyo kwenye maziwa. Linahesabu sukari yote inayoongezwa kwenye chakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali, sharubati na juisi za matunda.

Kiasi gani kinatosha?

Mwaka 2015, WHO ilishauri sukari hiyo isizidi asilimia 10 ya nishati yote ambayo mtu anapata kwa siku. Kwa mtu anayekula kilokalori 2,000, hiyo ni kama gramu 50, sawa na vijiko 12 vya chai. Ikiwezekana, ishuke chini ya asilimia 5, yaani gramu 25 au vijiko 6.

Vijiko 6 vinaonekana vingi mpaka uanze kuhesabu. Chukua siku ya kawaida ya mtu wa ofisini au dukani:

- Chai ya asubuhi, vijiko 3
- Chai ya saa nne na andazi, vijiko 3 bila kuhesabu sukari ya andazi
- Soda moja ya mililita 350 mchana, kama vijiko 9
- Chai ya jioni, vijiko 3

Jumla ni vijiko 18, sawa na gramu 72. Huyu hajagusa keki wala pipi, lakini amepita mara tatu ya kile kiwango cha vijiko 6.

Hesabu hiyo ni ya kijiko kilichosawazishwa, chenye gramu 4 hivi. Wanaochota kijiko kikajaa kama kichuguu wako juu zaidi.

Angalia pia upande wa mfuko. Vijiko 9 vya chai kwa siku ni gramu 36. Kwa mwezi, mtu mmoja anamaliza zaidi ya kilo moja ya sukari kwenye chai peke yake. Familia ya watu watano wenye mazoea hayo inamaliza kilo 5 na ushee.

Tatizo linaanzia jikoni

Katika nyumba nyingi, chai hupikwa na sukari yake kwenye sufuria, kisha humiminwa kwenye chupa ya chai. Baba, mama, bibi mwenye kisukari na mtoto wa miaka mitatu wote wanakunywa utamu uleule. Aliyepika ndiye aliyeamua kwa niaba yao.

Hatua ya kwanza basi ni rahisi na haina gharama: toa sukari kwenye sufuria, iweke mezani. Chai ipikwe kavu, kila mtu atie yake. Hapo ndipo unaweza kuhesabu vijiko vyako na kuvipunguza. Ikiwa sukari imeshayeyuka humo, huna cha kupunguza zaidi ya kunywa chai kidogo.

Ukienda ugenini ni habari nyingine. Sukari ni sehemu ya ukarimu, na chai isiyo tamu inaweza kuonekana kama uchoyo wa mwenyeji. Wengi huona ni rahisi kusema mapema, kabla chai haijapikwa: "Mama, yangu naomba isitiwe sukari." Kukataa kikombe kikishamiminwa ndiko kunakoleta maneno.

Pwani tayari wana mfano mzuri. Kahawa chungu hunywewa bila sukari, na utamu huja pembeni kwa tende au kipande cha kashata. Kashata na halua nazo zina sukari, lakini angalau mnywaji anaona anachokula na anaamua aishie wapi.

Mwilini kunatokea nini?

Sukari ya kwenye kinywaji hufika kwenye damu haraka kwa sababu hakuna cha kutafuna wala nyuzinyuzi za kuichelewesha. Kongosho hutoa insulini ili kuiondoa kwenye damu na kuipeleka kwenye misuli, ini na mafuta ya mwili. Vinywaji pia havishibishi kama chakula. Mtu akimaliza soda, bado atakula sahani yake ileile ya wali.

Nishati hiyo ya ziada ikizoeleka kwa miaka, uzito huongezeka, na pamoja nao hatari ya kisukari cha aina ya pili. Sukari peke yake si chanzo pekee cha ugonjwa huo. Urithi, unene, umri na kukaa bila mazoezi vina nafasi yake. Ila vinywaji vyenye sukari vinahusishwa na hatari hiyo, na ni rahisi kuvipunguza kuliko kubadili urithi.

Meno ndiyo hupata hasara mapema. Bakteria wa mdomoni hula sukari na kutoa asidi inayotoboa jino. Anayekunywa soda kidogo kidogo kuanzia asubuhi mpaka jioni huyapa meno yake mashambulizi mengi kuliko anayeinywa mara moja pamoja na chakula.

Je, mwili utakosa nguvu bila sukari? Hapana. Ugali, wali, mihogo, ndizi na maharage hugeuzwa kuwa glukosi. Hakuna kiungo cha mwili kinachohitaji sukari ya kwenye kopo ili kifanye kazi.

Somo kutoka Uingereza

Uingereza iligawa sukari kwa kipimo kuanzia 1940, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mgao huo uliisha Septemba 1953, na matumizi yakaruka kutoka kama gramu 40 hadi kama gramu 80 kwa mtu mzima kwa siku.

Mwaka 2024, jarida la Science lilichapisha utafiti uliowafuatilia takriban watu 60,000 waliozaliwa karibu na kipindi hicho. Wale ambao mimba zao na miaka yao ya mwanzo viliangukia ndani ya mgao walikuwa na hatari ndogo ya kisukari cha aina ya pili kwa takriban asilimia 35, na ya shinikizo la damu kwa takriban asilimia 20.

Watu hao hawakuishi bila sukari kabisa. Walikula kidogo tu, kiasi kinacholingana na ushauri wa sasa. Kwa mama mjamzito na mwenye mtoto mdogo, hilo ni jambo la kuzingatia. WHO nayo inashauri mtoto wa miezi 6 hadi 23 asipewe vinywaji vyenye sukari.

Kuacha ghafla au taratibu?

Wapo wanaokata siku moja na wanaweza. Lakini siku za mwanzo zinaweza kuja na hamu kali na hasira za hapa na pale. Wanaolalamika kuumwa kichwa mara nyingi wameacha pia chai, kahawa au soda ya kola, na hapo kinachokosekana kinaweza kuwa kafeini. Kama ndivyo, endelea na chai yako, punguza sukari tu.

Njia ya taratibu hushika zaidi kwa sababu ulimi huzoea. Punguza nusu kijiko kwa kila kikombe, kaa hapo wiki moja au mbili, kisha shuka tena. Baada ya wiki chache, chai ya vijiko 3 uliyokuwa ukiifurahia huanza kukukinai.

Tangawizi, iliki, mdalasini au mchaichai husaidia. Havina utamu wa sukari, ila vinaipa chai ladha na harufu, isionekane kama maji ya moto yenye rangi.

Vipi asali na sukari guru?

Hapa wengi hudanganyika. Asali ina ladha yake na matumizi yake, lakini mwilini inahesabika kama sukari. Sukari guru ina madini kidogo zaidi, ila bado sehemu yake kubwa ni sukari ileile. Kuhama kutoka vijiko 3 vya sukari kwenda vijiko 3 vya asali si kuacha.

Vidonge na unga wa utamu usio na sukari je? Mwaka 2023, WHO ilishauri visitegemewe kama njia ya kudhibiti uzito. Ushauri huo haukuwahusu watu ambao tayari wana kisukari. Kwa wengine, shida nyingine ni kwamba ulimi unabaki umezoea utamu mkali.

Tunda zima halina tatizo. Kula chungwa, embe au papai. Juisi ni kitu kingine: bilauri moja inaweza kubeba machungwa matatu au manne ambayo usingeyala kwa mkupuo, na nyuzinyuzi nyingi zimebaki kwenye chujio.

Iliyojificha dukani

Ukinunua mtindi wenye ladha, tomato sosi, nafaka za kifungua kinywa, juisi ya boksi au vinywaji vya kuongeza nguvu, geuza pakiti usome. Viungo huandikwa kwa kufuata wingi, kwa hiyo sukari ikiwa ya kwanza au ya pili, jua umeshika kitu kitamu. Majina mengi yanayoishia na "ose" pia ni sukari.

Kipimo rahisi kinachotumika Uingereza ni hiki: chakula chenye zaidi ya gramu 22.5 za sukari kwa kila gramu 100 kina sukari nyingi. Chenye gramu 5 au pungufu kina kidogo.

Nani awe makini?

Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari asikate sukari na wanga ghafla bila kuongea na daktari wake. Dozi yake ilipangwa kwa kuangalia anavyokula. Akibadili chakula bila kubadili dawa, sukari ya damu inaweza kushuka mno.

Dalili zake ni jasho jingi, kutetemeka, njaa kali, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa. Wakati huo sukari ndiyo dawa: vijiko 3 hadi 4 kwenye maji, au nusu bilauri ya soda ya kawaida, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Aliyepoteza fahamu asimiminiwe chochote mdomoni, akimbizwe hospitali. Kwa hiyo nyumba yenye mgonjwa wa kisukari isiache kuwa na sukari, hata kama hakuna anayeitia kwenye chai.

Mpango wa wiki nne

Wiki ya kwanza: sukari itoke kwenye sufuria, na kila mtu ahesabu vijiko vyake bila kupunguza chochote.

Wiki ya pili: soda ya kila siku iwe ya mara moja au mbili kwa wiki. Siku nyingine, maji.

Wiki ya tatu: punguza nusu kijiko kwa kila kikombe.

Wiki ya nne: punguza nusu nyingine, kisha pima kilo ya sukari ya nyumbani imedumu siku ngapi ukilinganisha na mwezi uliopita. Hiyo ndiyo itakuonyesha kama mmepunguza kweli.