Wahindi wa ngambo: inchi ya mababu ilibakia wapi?



Kwenye masomo ya historia tulifundishwa kama utumwa uliisha, kisha tukarukia moja kwa moja ukoloni. Pale katikati kuna watu wenye tulisahau. Mimi niliwagundua siku nilisoma juu ya Metiabruz, mutaa mumoja wa Calcutta, pembeni ya bandari ya muto Hooghly. Miaka ya 1920 ule mutaa ulijaa Wahindi wenye walirudi toka Fiji, Guyana, Trinidad na fasi zingine. Walikuwa wamefika kwao, kwenye inchi yenye waliililia miaka yote. Na kazi yao kila siku ilikuwa moja tu: kuomba serikali iwapandishe tena meli, iwarudishe kule kwenye miwa. Nilijiuliza: mutu anarudi nyumbani namna gani, kisha analilia kule alitoka?

Tuanzie mbali kidogo. Kisiwa cha Morisi, watumwa waliachiliwa tarehe 1/2/1835. Wenye mashamba ya miwa hawakungoja ile siku. Tarehe 2/11/1834 meli Atlas ilikuwa imesha kufikisha Port-Louis Wahindi 36. Mupaka mwanzo wa karne ya 20, karibu nusu milioni walipitia ile bandari, kwa kontra ya miaka mitano. Fiji, meli ya kwanza, Leonidas, ilifika tarehe 14/5/1879, na mupaka 1916 walipita 60.000. Ile kontra ilikuwa na jina la Kiingereza. Neno la mapatano liliwashinda kutamka, wakasema «girmit». Na wao wenyewe wakaitwa girmitiya, watu wa kontra.

Wengi walitoka vijiji vya Bihar na vya Uttar Pradesh ya leo. Kwa Mhindu wa ile wakati, bahari ilikuwa kala pani, maji meusi. Mwenye aliyavuka alipoteza tabaka lake la kuzaliwa, na tabaka njo lilikuwa linasema utakula na nani, utaoa wapi, nani atakuzika. Ndani ya meli, Brahmani na mutu wa chini kabisa walipakuliwa chungu kimoja. Pale njo walianza kuitana jahaji bhai, ndugu wa meli. Fasi zingine ile undugu ulipata nguvu mupaka watoto wa ndugu wa meli hawakuoana.

Fiji, mutu akimaliza miaka kumi, tiketi ya kurudi ilikuwa ya bure. Zaidi ya 20.000 walirudi. Sasa fikiria mutu huyu anaingia kijijini. Shamba la baba, ndugu wamesha gawana. Wazee wanadai karamu na feza ili asafishwe juu ya maji meusi. Bibi mwenye alioa ngambo ni wa tabaka lingine, hakuna anapokea maji ya mukono wake. Watoto wanasema Kihindi cha Fiji, wanachekwa. Feza ya akiba ikiisha, wanashika njia ya Calcutta kutafuta meli. Njo Metiabruz ile. Mwaka wa 1931, Bhawani Dayal Sannyasi na Benarsidas Chaturvedi walitoa ripoti juu ya watu kama hawa, zaidi wale wa Afrika Kusini. Na Bhawani Dayal mwenyewe alizaliwa Johannesburg, hakuwa anaandika habari za wengine.

Kwa maoni yangu, pale tunaona kitu cha muhimu. Inchi yenye walipenda haikuwa tena ile ya kwenye ramani. Ilikuwa nyimbo za mama, harufu ya chakula, majina ya miungu, siku ya mwisho kuona baba. Vitu hivyo walikuwa wamevibeba ndani ya meli. Kijijini havikuwa vinawangoja. Hata mjukuu msomi kama V. S. Naipaul, mzaliwa wa Trinidad, alifika India mwaka wa 1962, akaenda mupaka kwenye kijiji cha babu yake. Ndugu alimuomba nini? Musaada wa kesi ya shamba! (Sisi wa huku hatushangai.) Naipaul aliondoka na hasira, akaandika kitabu kizima.

Wenye hawakurudi walifanya kazi nyingine: walileta inchi kwao. Morisi kuna ziwa juu ya milima. Mwaka wa 1897 kuhani mumoja wa kijiji cha Triolet aliota kama maji ya ile ziwa yanatoka Ganga. Watu wakaanza kwenda kwa miguu, wamevaa nyeupe, siku za Maha Shivaratri, na mupaka leo wanaenda, mamia ya maelfu. Mwaka wa 1972 walileta maji ya Ganga yenyewe, wakayamwanga mule. Leo ziwa linaitwa Ganga Talao. Musicheke. Wenzetu wa Bruxelles walibatiza mutaa Matonge.

Lakini kuna watu wanachukua ile mapendo kuwa alama ya usaliti: kama unaimba India, rudi India. Fiji waliambiwa vile kwa bunduki. Koloneli Rabuka aliangusha serikali yenye Wahindi wengi tarehe 14/5/1987, ile siku yenyewe ya Leonidas, miaka 108 kisha. Makumi ya maelfu wakahama. Wakaenda wapi? Australia, New Zealand, Kanada. Si India. Hata Wahindi wa Uganda wenye Amin alifukuza mwaka wa 1972, wengi walishukia Uingereza. Mutu anaweza kulilia Ganga na asitake kuishi pembeni yake. Mimi sioni uongo pale.

Moka, kule Morisi, Taasisi ya Mahatma Gandhi inalinda vitabu vya wale wa kontra: namba, jina, jina la baba, miaka, urefu, tabaka, kijiji. Kuanzia miaka ya 1860 kuna na picha. Wajukuu wanakuja kutafuta namba ya babu, wengine wanapanda ndege na ile karatasi. Karani aliandika jina la kijiji namna sikio lake lilisikia. Njo maana wanazunguka Bihar, wanasoma ile karatasi kwa sauti mbele ya wazee, mara moja, mara mbili, labda mutu atatambua.